Uzito wa Salamu Katikati ya Daraja

Wiki tuliyomzika Papa Bauma hapa Goma, kwa sababu barabara ya kumrudisha Masisi haikupitika, mjukuu wangu Aline, anayeniita Koko, yaani bibi, aliweka mashine yake, kompyuta ya kukunja, juu ya meza yangu ya kulia na kunionyesha daraja. Anasoma ujenzi chuo kikuu, na alitaka kunifariji, maana alijua kwamba marehemu ndiye aliyenifundisha kazi iliyonilisha miaka karibu arobaini. Daraja lake lilikuwa la rangi. Alilikata vipande vidogo vidogo, vingi kuliko ambavyo ningeweza kuhesabu, na mashine ilikuwa imekwisha kupima kila kipande kinavutwa kiasi gani na kinabanwa kiasi gani: buluu palipotulia, manjano palipochoka, nyekundu palipokaribia kuvunjika. Nilivaa miwani nikaangalia kwa muda. Mishale midogo ya uzito ilisimama juu ya daraja kwa mstari mmoja, imeachana sawasawa kutoka ng'ambo hii mpaka ile. Nikamwuliza watu wanaopita wanasalimiana wapi. Akacheka, akasema, "Koko, mashine haiulizi ile." Nilikwenda jikoni kuangalia maharagi, na huko jikoni nililia kwa mara ya kwanza tangu msiba uanze.

Mwaka ninaoukumbuka ni wa sitini na tisa. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nafundisha darasa la tatu la msingi pale Masisi, na watu walinijua kwa tabia moja ambayo haikuwafurahisha sana: sikuweza kuona hesabu yenye kosa nikanyamaza. Nilimsahihisha padri matangazo ya sadaka, nikamsahihisha mkuu wa shule mbele ya wanafunzi, kisha nikashangaa kwa nini sialikwi chai. Papa Bauma alikuwa kapita, yaani msimamizi, wa barabara na madaraja wa teritwari, wilaya yetu. Mzungu wa barabara alipoondoka baada ya uhuru alimwachia rula ya hesabu, ile yenye ulimi unaoteleza katikati, na kitabu kinene cha nguvu za miti. Tatizo ni kwamba miti yote ya kitabu kile ilikuwa ya Ulaya. Libuyu, mti mwekundu wa msitu wa Walikale ambao maseremala wetu waliupenda, haukuwamo hata kwa jina, na yeye alikuwa ameagizwa kujenga daraja la miguu la libuyu karibu na Kibua. Alikuja shuleni kuomba mtu mmoja asiyeogopa kugawanya namba ndefu. Nadhani walinitoa mimi kwa furaha.

Chumba chetu cha kazi kilikuwa nyuma ya stoo ya teritwari, na bado naweza kukitembea nikiwa nimefumba macho. Dirisha moja, lililoangalia kilima chenye mashamba ya maharagi mpaka juu. Harufu ya magunia yaliyolowa na ya mbao mbichi. Katikati ya sakafu kulikuwa na mawe mawili yaliyoachana urefu wa mkono, na juu ya mawe hayo tuliweka ufito wa libuyu, mnene kama kidole gumba, uliokatwa kwenye gogo lile lile litakalotoa boriti za daraja. Tulitundika ndoo katikati ya ufito. Papa Bauma akamimina maharagi ndani ya ndoo, mkebe mmoja mmoja, nami nikalala kifudifudi na rula yangu nikisoma kwenye uzi uliokazwa ufito umeshuka milimita ngapi. Mkebe, milimita, naandika. Mkebe, milimita, naandika. Mwanzoni namba zilipanda kwa hatua moja kama watoto wa shule kwenye mstari, halafu zikaanza kuruka hatua, na hapo Papa Bauma aliinua kidole ili nisikilize. Mti husema kabla ya kuvunjika. Unatoa sauti ndogo, ya kukatika kwa uzi wa nguo, kisha nyingine, kisha ndoo inaanguka na maharagi yanatapakaa chumba kizima.

Tulivunja fito nyingi hivyo, na kila tulipomaliza tulizitia zile zilizovunjika motoni, tukapika juu yake maharagi tuliyopimia. Alipika yeye mwenyewe, kwa vitunguu na mawese, na hakujali kwamba wanaume wenzake walipita mlangoni wakitabasamu. Tulikula mzigo, kama alivyopenda kusema, na huo ndio mzaha pekee niliowahi kumsikia akirudia. Mkewe, Mama Vumilia, alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Hakumtaja. Nilijua kwa watu tu, na nilijua pia kwa sababu ndani ya kile chumba mlikuwa na sahani mbili, na ya pili alikuwa ameanza kunipa mimi.

Baada ya kuvunja, kulikuwa na kuhesabu. Alinifundisha kuchora boriti kwenye kaye, daftari la miraba, na kuikata vipande kumi kwa penseli. Kwa kila kipande nilitafuta mzigo unakipinda kiasi gani, halafu nikalinganisha na kile ambacho fito zetu zilitufundisha kuhusu libuyu. Boriti ikiongezwa unene wa kwenda juu mara mbili, nguvu yake inaongezeka mara nne. Siku niliyoliona jambo hilo kwenye kaye yangu mwenyewe nilitoka nje nikatembea kuzunguka stoo, maana nilishindwa kukaa. Sijui kama nimewahi kuwa na furaha ya namna ile tena, hata siku ya harusi yangu, na mume wangu, ambaye sasa ni marehemu, aliwahi kuambiwa hivyo na hakukasirika. Daraja lilikuwa la mita nane. Papa Bauma aliniambia niweke mtu mmoja na mzigo wake kwa kila mita, watu wanane, wametawanyika. Na alikuwa na sheria moja: boriti yetu isiguse zaidi ya nusu ya nguvu iliyovunja fito. Ile nusu nyingine, alisema, ni ya vitu tusivyovijua. Nilihesabu kwa wiki tatu, na siku nilipomaliza aliipitia kaye yote kwa ile rula yake, akaandika jina langu chini ya jumla, Mapendo, kwa wino. Karani wa teritwari aliliona jina hilo akauliza kwa sauti ya kusikika kama sasa madaraja yatajengwa na wasichana. Papa Bauma alimjibu kwamba ndiyo, na kwamba daraja likisimama ataniandikia barua ya kwenda kusoma kazi hii Bukavu. Tangu siku hiyo nililala nikiiwaza ile barua.

Jambo moja lilinisumbua kwake, na nilidhani ni majivuno. Hakusalimia. Katika milima yetu watu wakikutana njiani husimama, huulizana habari ya nyumbani, ya mama, ya watoto, ya mgonjwa wa wiki iliyopita, mmoja baada ya mwingine, na asiyefanya hivyo huhesabiwa kuwa na kinyongo. Papa Bauma aliinua mkono akiwa bado mbali, akasema "Niko na kazi," akapita. Kila mara. Niliona aibu kutembea naye. Nilikuwa binti mdogo mwenye maoni mengi, na sikujiuliza hata mara moja kwa nini mtu aogope kuulizwa habari ya nyumbani.

Boriti ziliwekwa mwishoni mwa kiangazi. Mimi nilikuwa na wanafunzi wangu, kwa hiyo sikuwa nimewahi kukanyaga mahali penyewe. Daraja lile nililijua kwenye miraba tu. Nilipata ruhusa ya kwenda Kibua siku ya Alhamisi, siku tatu kabla ya kulifungua baada ya misa ya Jumapili, na nikapewa malazi kwa Mama Sifa, mkulima wa muhogo ambaye nyumba yake ilikuwa ya mwisho kabla ya mto. Daraja lilikuwa zuri. Libuyu jipya, jekundu, bado linatoa utomvu, na fito za kushikia pande zote mbili. Niliteremka kulitazama kutoka chini, nikaliwekea mkono, nikasema kimoyomoyo kwamba hili ni langu. Kando yake gogo la zamani, lililotumika miaka yote kuvukia, lilikuwa bado lipo, limeota ukungu.

Ijumaa saa sita nilikuwa jikoni kwa Mama Sifa, ninatwanga sombe, majani ya muhogo, na yeye anageuza bukari, ugali wa muhogo, kwenye sufuria. Moshi ulikuwa mwingi, na jirani yake alikuwa amekaa mlangoni anachambua maharagi. Walizungumza wenyewe, mimi sikuwa ndani ya maneno yao. Mama Sifa alikuwa na dada yake mkubwa aliyeolewa ng'ambo ya mto, na kwa miaka yote walikuwa wakikutana kwenye gogo, ambapo mtu mmoja tu anaweza kupita. Mmoja anarudi nyuma, mwingine anavuka, mizigo mgongoni, na ndio basi. Halafu akasema maneno ambayo naweza kuyarudia mpaka leo.

"Siku ya Mungu miye na bantu ya huku tutatoka huku, dada na bantu yake batoke kule. Tutakutana pa katikati kabisa. Tutasimama, tusalimiane muzuri. Ile gogo ilitufanya tupitane kama bantu ya kugombana."

Jirani akaitikia kwamba hata yeye, na kwamba mabinti wa kwaya wamepanga hivyo hivyo. Mchi ulisimama mkononi mwangu. Wanawake wa kule hubeba kwa kamba inayopita kwenye paji la uso, na mwenye kubeba hivyo hawezi kuitikia kwa kichwa wala kugeuza shingo. Akitaka kusalimia ni lazima asimame na kugeuka mwili mzima. Na akisimama, aliye nyuma yake anasimama. Mimi nililijua hilo tangu nimezaliwa. Nimebebwa ndani ya salamu hizo mgongoni kwa mama. Lakini kwenye kaye yangu watu wanane walikuwa wakipita, mmoja kila mita, kimya, kama mbuzi wanaopelekwa kuchinjwa. Hakuna aliyesimama. Hakuna aliyemjua mwenzake.

Niliomba ruhusa nikaenda nyuma ya nyumba na kaye yangu, nikakaa juu ya kinu kilichopasuka, nikachora boriti upya. Vipande kumi. Watu wanane, wanne wa huku na wanne wa kule, wote nikawaweka katikati. Haikuchukua muda mrefu. Jambo lenyewe ni fupi. Mzigo ule ule, ukitawanywa, unaipinda boriti kiasi fulani. Ukikusanywa katikati, unaipinda karibu mara mbili. Nusu ile ya vitu tusivyovijua ilikuwa imeliwa karibu yote. Nilirudia hesabu mara tatu nikitafuta kosa la kuniokoa, mimi niliyezoea kutafuta makosa ya wengine. Halikuwapo. Jumapili wangesimama pale katikati na mizigo na watoto migongoni, wakicheka, na libuyu lingesema ile sauti yake ndogo ambayo hakuna mtu angeisikia.

Nataka kuandika kwamba nilikimbia moja kwa moja kwa Papa Bauma, lakini sivyo. Nilirudi jikoni nikala. Bukari, sombe, kipande cha samaki wa chumvi alichoniwekea Mama Sifa kwa sababu mimi ni mgeni. Niliwaza kwamba labda hawatafika wanane. Labda watano. Niliwaza karani wa teritwari, na Bukavu, na jina langu kwa wino. Nina zaidi ya miaka sabini sasa na nimewahi kuogopa vitu vikubwa zaidi, tumeishi nchi hii, lakini sijawahi kujichukia kama nilivyojichukia juu ya sahani ile. Kisha Mama Sifa alinyoosha mkono akaniongezea sombe bila kuniuliza, na mimi nikasimama, nikaosha mikono.

Papa Bauma alikuwa darajani anapigilia msumari wa mwisho wa ufito wa kushikia. Nilimwambia, "Papa, kaye yangu iko na kosa." Aliuliza kipande cha ngapi. Nikamwambia si kipande, ni watu. Kwamba tuliwaweka wanapita, na wao watasimama. Nikamweleza maneno ya jikoni yote. Aliweka nyundo chini, akachukua kaye, akatoa rula mfukoni, akaipitia hesabu yangu mstari kwa mstari. Nilikuwa nikilia kabla hajamaliza.

"Hesabu iko sawa," alisema mwishowe. "Ya kwanza iko sawa, na hii ya leo iko sawa. Ni miye nilikuambia mutu moja kila metre. Kwa juu miye sisimamaka na batu njiani."

Alisema hivyo bila kuniangalia, na hapo ndipo nilipoelewa kwamba alichokimbia njiani ni swali la habari ya nyumbani, nikajuta mawazo yangu yote juu ya majivuno yake. Jumapili baada ya misa alisimama mbele ya watu akasema daraja halijaisha, kosa ni lake, wampe wiki tatu. Niliinuka nyuma nikasema ni letu sisi wawili. Kwaya ilinung'unika, wazee wakauliza mbona linaonekana limeisha, na Mama Sifa, ambaye alikuwa amevaa kitambaa kipya, alikaa chini kwenye benchi, akakivua. Hilo ndilo lililoniuma zaidi. Lakini asubuhi ya Jumatatu ni yeye aliyekuja wa kwanza na wenzake kutubebea mawe ya msingi. Tuliweka mihimili minne ya kuegemea, miwili kila ukingo, inayotoka kwenye mawe chini na kupanda kwa mshazari kuishika kila boriti katika sehemu mbili, na kila jioni kabla ya giza nilihesabu upya, watu wakiwa wamesimama. Barua ya Bukavu niliipata mwezi uliofuata. Aliandika mistari miwili tu: kwamba msichana huyu anajua kuhesabu, na kwamba akikosa anasema.

Juzi, siku moja baada ya kumsimulia Aline mpaka kwenye kosa letu la Kibua, alikuja jikoni kunitafuta. Alikuwa amevuta mishale yake yote na kuikusanya katikati ya daraja, na katikati pakawa pekundu kabisa. Aliniangalia kwa namna ambayo nilikuwa sijaiona usoni mwake, ya mtu aliyeshtuka kwa sababu yake mwenyewe, akaniuliza, "Sasa mulifanya nini, Koko?" Nilimwambia habari za mihimili. Halafu nikakaa naye nikamwambia pia habari za siku tulipolijaribu, ambazo sijawahi kumwambia mtu kwa sababu zilikuwa za marehemu kusimulia, naye alikuwa bado hai.

Papa Bauma hakutaka magunia yalazwe darajani kama mzigo wa kujaribia. Alisema tujaribu na kile tulichosahau. Mimi nilitoka huku na Mama Sifa na wanawake wengine wawili, mizigo ya muhogo mgongoni. Yeye alitoka kule na dada wa Mama Sifa na wanaume wawili wenye magunia. Chini, seremala mmoja alisimama ndani ya maji akiangalia kijiti tulichokichomeka, chenye uzi uliofungwa kwenye boriti. Tulikutana katikati. Mama Sifa na dada yake walishikana mara moja, wakaanza kuulizana, na mimi nikamsubiri Papa Bauma ainue mkono aseme ana kazi. Alitua gunia lake. Akavua kofia.

"Jambo, Mapendo. Habari ya nyumbani?"

Aliniuliza wote wa kwetu, mmoja mmoja, na majina yao, ambayo sikujua kwamba anayajua. Nilijibu. Kisha ikawa zamu yangu, maana salamu lazima irudishwe, na niliogopa kuliko nilivyoogopa kwa ajili ya boriti.

"Na kwako, Papa. Habari ya nyumbani?"

"Nyumbani niko peke yangu, mwanangu," alisema. "Tangu Mama Vumilia aende, sijapata mutu ya kumwambia ile."

Hakuna aliyemsukuma mwenzake apite. Seremala aliita kutoka chini kwamba uzi haujashuka. Papa Bauma hakumjibu, kwa sababu alikuwa ameanza kunieleza habari za mke wake, tangu siku alipomwona mara ya kwanza, na sisi wote wanane tulisimama pale katikati na mizigo yetu tukimsikiliza mpaka alipomaliza.